Biskuti za matunda za asubuhi zinalowa na kuota ukungu: angalia maji kabla ya kulaumu unga

Swali: Ninaoka biskuti za matunda nyumbani ili familia ipate kitu cha haraka asubuhi. Natumia ndizi tatu zilizoiva sana au embe moja kubwa lililosagwa, vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha oti, nusu kikombe cha asali badala ya sukari, siagi, yai moja, na kijiko kikubwa cha bekingi soda ili ziwe nyepesi. Naoka kwa nyuzi 200 kwa dakika 15. Zinatoka na rangi nzuri juu, chini zimekaribia kuungua, lakini ndani zinanata na zina ladha kama ya sabuni. Siku ya pili zote zimelainika kama keki, siku ya nne zinaota ukungu. Nilipoongeza unga zilikuwa ngumu nje na bado mbichi ndani. Je, tatizo ni unga, oveni au matunda yenyewe? Na je, ni salama kwa mume wangu mwenye kisukari aina ya pili na mtoto wetu wa miezi 9? Ndiyo maana niliacha sukari.

Dada, nitaanza na mtoto, kwa sababu hilo halisubiri biskuti zinyooke.

Mtoto wa miezi 9 asipewe kabisa biskuti zenye asali, hata zikiwa zimeokwa mpaka zikakauka. Asali inaweza kubeba spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwa mtu mzima spora hizo hupita tumboni bila kuleta shida, lakini utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 haujakomaa kuzizuia. Zinaweza kuchipua humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Wengi huamini kuwa moto wa oveni unazimaliza. Hauzimalizi: oveni inaweza kuwa na nyuzi 200, ila ndani ya biskuti yenye unyevu joto haliendi mbali na nyuzi 100, na spora hizo zinahimili joto hilo. Kama ameshaonja, usipatwe na hofu, maana watoto wengi hawadhuriki. Mwangalie tu kwa wiki nne zijazo. Akifunga choo isivyo kawaida, akilia kwa sauti dhaifu, akinyonya kwa shida, au ukiona kope, shingo na mikono vimelegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na umweleze daktari kuwa alikula chakula chenye asali.

Sasa tuje kwenye biskuti. Unauliza kama kosa ni la unga, la oveni au la matunda. Yote matatu yamo, lakini chanzo ni kimoja, nacho ni maji. Hebu tuyahesabu. Ndizi tatu zilizomenywa zina uzito wa kama gramu 330, na robo tatu ya ndizi ni maji. Hapo una karibu gramu 250 za maji. Yai linaongeza kama gramu 37. Nusu kikombe cha asali ni kama gramu 170, na karibu asilimia 17 hadi 18 ya asali ni maji, kwa hiyo ongeza 30 nyingine. Jumla inapita gramu 300. Upande wa pili, vikombe viwili vya unga na kimoja cha oti havizidi sana gramu 340. Umeweka maji yanayokaribia kulingana na unga. Biskuti inayotakiwa kukauka kidogo hutaka maji ya robo hadi theluthi ya uzito wa unga. Kwa hiyo kilichotoka kwenye oveni yako hakikuharibika: ni keki bapa, na keki bapa huwa laini na hunata.

Embe halikuokoi, maana lina maji zaidi ya ndizi, kama asilimia 83. Tufaha na nanasi yako karibu na asilimia 85, na stroberi hupita 90. Zabibu kavu zina kama asilimia 15 tu, na tende zilizokauka hukaribia 20. Ukizishika namba hizi kichwani, utajua biskuti itakavyokuwa kabla hujachukua bakuli.

Kwa nini basi kuongeza unga hakukusaidia? Kwa sababu unga hauondoi maji, unayashika. Wanga na protini za ngano huyanywa, na ukizidi kukoroga, protini hizo hufungamana kuwa gluteni, ule utando unaovutika tunaoutaka kwenye mkate. Donge linakuwa zito, joto linapenya polepole, na ganda la juu linakauka na kuwa gumu kabla mvuke wa ndani haujapata njia ya kutoka. Maji yako yote bado yamo, yamefungiwa tu. Na kila kijiko cha unga ulichoongeza kimepunguza ladha ya tunda, ambayo ndiyo uliyoifuata.

Moto mkali nao unafanya vivyo hivyo kwa njia yake. Asali na matunda vina fruktosi nyingi, sukari ambayo huanza kubadilika rangi kwenye joto dogo kuliko sukari ya kawaida ya mezani. Fruktosi huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 110, sukari ya mezani karibu na 160. Kwa nyuzi 200, chini ya biskuti inapoguswa na bati hufika huko ndani ya dakika chache, huku katikati maji bado yanachemka. Rangi inakudanganya kuwa zimeiva. Kwenye biskuti za matunda, usiipe rangi neno la mwisho.

Na ile ladha ya sabuni ni bekingi soda. Kijiko kikubwa ni vijiko vitatu vya chai, wakati vikombe viwili vya unga vinahitaji nusu kijiko cha chai tu. Umeweka mara sita ya kipimo. Soda inahitaji asidi ili itoe gesi, na asidi iliyomo kwenye ndizi na asali inatosha soda kidogo tu. Inayobaki haina pa kwenda, inakaa kwenye biskuti na kuleta uchungu na ule usabuni. Tena soda iliyozidi inaharakisha chakula kubadilika rangi, kwa hiyo nayo ilichangia kuunguza chini. (Ikitokea siku moja ukatumia beri au zabibu nyeusi na ukaona biskuti zimepata rangi ya kijani au ya buluu isiyoeleweka, ni soda hiyohiyo. Rangi ya zambarau ya matunda hayo hugeuka inapokosa asidi. Haidhuru, ila haipendezi.) Kwa biskuti hizi nakushauri uache soda utumie bekingi pauda, ambayo ina asidi yake tayari.

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kukubali ulaini: bakiza tunda bichi lililosagwa, zioke kama vikeki vidogo bapa, kula siku hiyo na kesho yake, zilizobaki weka kwenye friji kwa siku nne au tano, au zigandishe. Hakuna ubaya, na watoto wengi hupenda zaidi hizo. Ya pili ni kutoa maji kwenye tunda kabla halijagusa unga. Hii inachukua nusu saa zaidi jikoni, lakini ndiyo inayokupa biskuti ya kukaa kwenye mkebe wiki nzima na kutafunika. Kwa mtu anayetaka kifungua kinywa cha haraka asubuhi za kazi, mimi huwa nashauri ya pili bila kusita. Kazi ya ziada unaifanya mara moja, siku ambayo huna haraka.

Kutoa maji kunafanyika hivi. Ponda gramu 250 za ndizi iliyoiva mpaka madoa ya ganda yawe meusi, iwe rojo lisilo na mabonge. Pima kikaango kipana kikiwa kitupu na uandike uzito wake, kisha mimina rojo na uweke moto mdogo. Upana ndio unaosaidia, kwa kuwa maji hutoka kwenye uso. Sufuria nyembamba yenye kina itakuchosha na kuunguza chini. Koroga kwa mwiko bapa ukikwangua chini muda wote. Mwanzoni litarukaruka na kutoa mapovu makubwa. Baada ya dakika kumi hivi mapovu yanakuwa madogo na mazito, rangi inaanza kuwa ya kahawia hafifu, na harufu inabadilika kutoka ya ndizi mbichi kuelekea ya karameli. Burura mwiko katikati ya kikaango: mstari ukijifunga papo hapo, endelea, ukibaki wazi kwa sekunde mbili au tatu ukaona bati la chini, umefika. Pima tena kikaango na vilivyomo, toa uzito wa kikaango. Unatafuta gramu 120. Kwa embe anza na gramu 300 za nyama yake ufike 120 hizohizo. Acha rojo lipoe kabisa kabla ya kuchanganya, kwa sababu likiwa na joto litayeyusha siagi na donge litatawanyika kwenye trei.

Tufaha halihitaji moto. Likwaruze upande wa matundu makubwa, lifunge kwenye kitambaa safi cha pamba na ukamue kwa nguvu zako zote. Utashangaa kiasi cha juisi kinachotoka. Usiimwage, ichemshe peke yake mpaka ibaki vijiko viwili vizito, uirudishe kwenye donge, ndimo ladha ilimo.

Hiki hapa kipimo kizima, kinatoa biskuti 24 za gramu 30 kila moja. Tumia mizani, kwa sababu kikombe cha unga kinaweza kupishana kwa gramu 30 kutegemea umeujaza vipi, na kwenye donge lenye unyevu kidogo tofauti hiyo inaonekana.

Unga wa ngano usiokobolewa gramu 150, oti gramu 150, siagi gramu 100, sukari ya kahawia gramu 60, yai moja, rojo la tunda lililopunguzwa gramu 120, zabibu kavu au tende gramu 100, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai.

Tende zikate vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe. Zabibu zikiwa ngumu kama kokoto, zitakunywa maji ya donge na zile zilizo juu zitaungua. Zitie kwenye maji ya moto dakika kumi, zichuje, kisha zikaushe kwa kitambaa moja moja kama ikibidi. Kuzitia zikiwa zinachuruzika ni kurudisha mlangoni yale maji uliyoyatoa kwa kikaango.

Siagi iwe laini lakini isiyeyuke: ukiibonyeza kwa kidole, kidole kiache shimo bila kuteleza. Isuguane na sukari kwa mwiko dakika mbili tu. Ile desturi ya kupiga mpaka iwe nyeupe na nyepesi ni ya keki, inaingiza hewa, na hewa hapa hatuitaki. Tia yai, koroga, tia rojo, koroga. Pembeni changanya unga, bekingi pauda, chumvi na mdalasini, uvimimine vyote kwa mara moja. Koroga mpaka usione unga mkavu, halafu acha. Oti na matunda makavu viingie mwisho.

Donge litaonekana laini mno kufinyangwa, na hapa ndipo wengi hukimbilia unga. Usiongeze. Lifunike uliweke kwenye friji kwa dakika 30. Oti na pumba za ngano hunywa maji polepole, na siagi hurudi kuganda. Ukilitoa utakuta ni donge jingine, linashikika bila kung'ang'ania mkononi. Kama bado linanata baada ya nusu saa, rojo halikupunguzwa vya kutosha. Hapo ongeza oti vijiko viwili vikubwa, si unga, usubiri dakika kumi nyingine.

Washa oveni nyuzi 165 za sentigredi, na uipe dakika 20 za kupata moto. Gawa donge vipande vya gramu 30, viviringe, kisha vibonyeze viwe bapa kwa unene wa sentimita moja kila mahali. Ukiacha katikati pamenenepa, katikati ndipo patakapobaki pabichi. Zabibu zinazochungulia juu zisukume ndani kwa kidole, la sivyo zitavimba, zitaungua na kuwa chungu. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, acha nafasi ya vidole viwili kati ya biskuti, weka trei kwenye daraja la katikati. Trei nyeusi hufyonza joto kuliko ya rangi ya fedha. Kama yako ni nyeusi na chini huwa panaungua, weka trei mbili, moja ndani ya nyingine.

Oka dakika 12, geuza trei ya nyuma ije mbele, endelea dakika 8 hadi 10. Kipimo cha kuiva ni mizani: biskuti iliyoingia na gramu 30 itoke na gramu 25 au 26. Ikiwa bado 28, haijamaliza kutoa maji hata kama imependeza rangi. Huna mizani? Inua moja kwa kisu bapa. Chini pawe na rangi moja ya kahawia kuanzia ukingoni mpaka katikati, bila duara la rangi hafifu lenye unyevu. Usiihukumu kwa kuibonyeza ikiwa na moto, kwa kuwa biskuti yoyote inayotoka ni laini. Siagi ikiganda na sukari ikikaza ndipo inapopata umbo, na hilo huchukua dakika 15 hivi. Wengi huzirudisha motoni kwa kudhani ni mbichi, zikipoa wanakuta mawe.

Ukitaka zikauke zaidi, usiongeze moto. Shusha oveni hadi nyuzi 120, ziache humo dakika 15 zaidi, kisha zima na uache mlango wazi kidogo. Joto dogo linatoa maji bila kuendelea kuunguza sukari.

Ukifuata haya yote na bado chini panaungua huku ndani panabaki pabichi, shuku oveni. Kirungu chake kinaweza kusema 165 na ndani kuwa 185 au 145. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, ukiangalie baada ya dakika 20 za kupasha. Kama tofauti ni ileile kila mara, rekebisha mwenyewe kwa kuweka namba ya juu au ya chini. Kama inapanda na kushuka hovyo, upande mmoja hauwaki, au mlango haushiki vizuri na mvuke unatoka pembeni, mwite fundi. Hakuna kipimo cha donge kitakachotibu ubovu huo, na oveni ya gesi yenye moto usiotabirika isichezewe na mtu asiyeijua.

Kuhusu ukungu, maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kufunga biskuti zikiwa na joto. Mvuke unatoka, unagonga kifuniko, unageuka matone na kudondokea biskuti za juu. Hapo ndipo ukungu huanzia. Zihamishie kwenye wavu wa waya ili chini papate hewa, uzipe saa nzima. Mkebe uwe mkavu kabisa na kifuniko kinachobana. Zikiwa zimepikwa kwa rojo lililopunguzwa hukaa siku saba hadi kumi mahali pa ubaridi na pakavu. Penye joto na unyevu mwingi hesabu siku nne au tano, zilizobaki zigandishe. Usichanganye na mkate wala keki kwenye mkebe mmoja, kwa kuwa unyevu huhama kutoka kwenye kilaini kwenda kwenye kikavu. Kuhama huko huendelea hata ndani ya biskuti moja, kutoka kwenye zabibu kwenda kwenye unga ulioizunguka, kwa hiyo kulainika kidogo siku ya pili ni kawaida na si dalili ya kosa. Dakika tano au sita kwenye oveni ya nyuzi 150 zinazirudisha. Ukiona ukungu kwenye moja, usikwangue doa na kula. Nyuzi zake huingia ndani zaidi ya jicho linavyoona. Tupa hiyo pamoja na zilizogusana nayo, na uoshe mkebe kwa maji ya moto na sabuni.

Kwa mume wako nitasema wazi: asali si njia ya kukwepa sukari. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 linaihesabu asali pamoja na juisi za matunda kwenye sukari za kupunguza. Mwongozo huo unataka sukari hizo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unapendekeza kushuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Katika kipimo nilichokupa, sukari uliyoongeza ni gramu mbili na nusu kwa kila biskuti, kidogo kuliko ilivyokuwa kwa asali yako. Lakini mwili wenye kisukari huhesabu wanga wote: unga, oti, ndizi, zabibu na sukari kwa pamoja. Nimekadiria kuwa kila biskuti ina kama gramu 16 za wanga. Mbili ni kama gramu 32, tatu zinakaribia 50. Mbili pamoja na yai au mtindi usiotiwa sukari ni kifungua kinywa kinachoweza kumfaa. Tano na chai ya sukari hazimfai.

Oti na unga usiokobolewa vina nyuzilishe zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kupunguza kasi si kuiondoa, kwa hiyo asije akapimiwa biskuti bila kikomo kwa sababu "ni za oti". Unaweza kuondoa sukari ya kahawia kabisa na kubadilisha nusu ya zabibu kwa lozi au korosho zilizokatwa. Zitakuwa dhaifu kidogo, zitavunjika kirahisi, na hazitapata rangi sana, kwa sababu sukari ndiyo ilikuwa ikishikilia hayo. Mwenye jibu la mwisho ni kipimo chake cha sukari: apime kabla ya kula, apime tena saa mbili baadaye, aandike. Kama anatumia insulini au dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, asibadilishe kifungua kinywa bila kuongea kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe anayemfahamu, aende na namba hizo mkononi. Maandishi ya mtu asiyemwona hayawezi kumpangia dozi.

Mtoto naye anaweza kupata zake. Tenga gramu 100 za ndizi iliyopondwa bila kupunguzwa, gramu 60 za oti zilizosagwa laini na kijiko kimoja cha siagi, bila asali, sukari, chumvi, zabibu wala korosho. Donge litakuwa zito la kuchotwa kwa kijiko. Lisambaze vidole virefu vya unene wa sentimita moja na uoke nyuzi 165 kwa dakika 15. Ziwe laini za kupondeka kati ya vidole vyako viwili bila nguvu. Ikishindikana kupondeka hivyo, ni ngumu mno kwa fizi zake. Akae wima anapokula na uwe naye karibu. Zabibu nzima na karanga nzima ni hatari ya kumkaba kwa miaka kadhaa ijayo. Kama katika familia kuna mzio wa chakula, au mtoto mwenyewe ana ukurutu mkali wa ngozi, muulize daktari wa watoto kabla ya kumwonjesha karanga, mayai au ngano kwa mara ya kwanza. Zake hazina sukari ya kuzihifadhi, kwa hiyo zisikae zaidi ya siku mbili kwenye friji.

Na tafadhali msionje donge bichi, wewe wala watoto. Watu wanajua habari ya yai, lakini unga mbichi nao unaweza kubeba bakteria, kwa kuwa ngano haipikwi kabla ya kusagwa.

Ukishapata mkono wa kipimo hiki, tengeneza mara mbili. Nusu ya donge iviringe iwe mche mnene wa sentimita tano, uifunge vizuri na uigandishe. Hukaa miezi mitatu. Asubuhi unayotaka biskuti za moto, kata vipande vya sentimita moja vikiwa bado vimeganda, vitie kwenye oveni ya nyuzi 165 kama kawaida, ukiongeza dakika tatu.